Harufu Kwenye Mdimu wa Mavyaa



Mdimu wa zamani uliokuwa uani kwetu hapa Malindi ulikauka miaka mitatu iliyopita. Mavyaa wangu aliupanda mwaka aliomzaa mume wangu, na kwa miaka yote hiyo haikupita Ramadhani ambayo ndimu zake hazikuingia katika futari zetu, katika samaki wa kupaka na katika achari waliyogawiwa majirani. Kabla haujakauka, mavyaa alichukua mbegu za ndimu ya mwisho akazipanda katika kopo la maziwa, na mche mmoja ulioshika akauhamishia pembeni mwa ukuta. Wakati huo macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu. Siku aliyoupanda aliniambia, "Mwanangu, huu sitauona ukizaa. Wewe ndiwe utakayeutazama kwa niaba yangu."

Nauanza mkasa wangu hapo ili mjue kwamba mche ule haukuwa mche tu. Ulikuwa amana, na mimi nilikaribia kuipoteza amana ile na nyingine iliyo kubwa kuliko ile.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokuwa zikipungua, mche ulikuwa umefika kimo cha bega langu na umechipua majani machanga yanayong'aa. Karibu yake nina mapipa mawili yaliyokatwa na viroba kadhaa vya udongo ambamo hupanda sukuma wiki, mchicha na rihani. Asubuhi moja niliona madoa meusi yenye baka jeupe juu ya majani ya mdimu. Nikadhani ni vinyesi vya ndege, nikapita zangu kwenda kuanika nguo. Siku ya tatu yakawa yameongezeka, nami nikawalaumu kunguru. Baada ya wiki matawi ya juu yalikuwa vijiti vitupu, na juu ya vijiti hivyo wametulia viwavi wa kijani wenye mistari ya hudhurungi, kila mmoja mnene kama kidole changu cha mwisho. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba vile vinyesi vya ndege ndivyo vilivyokuwa viwavi hawa utotoni mwao.

Sukuma wiki nayo ilikuwa na wageni wake. Hawa walikuwa wadogo mno, wa kijani kibichi, wamejificha chini ya majani. Walikuwa wakila nyama ya jani na kuacha ngozi ya juu, hata jani likawa na vijidirisha vya kupenya mwanga. Nilipowagusa walijipindapinda kwa kurudi nyuma, kisha wakaning'inia kwa uzi mwembamba kama wa buibui.

Kila jioni mavyaa aliniuliza, "Mdimu wangu wajambo?" Nami kila jioni nilimjibu, "Haujambo, Mama." Aibu ilinizuia kumwambia kwamba ninao macho mazima na bado sikuona.

Nilikwenda katika duka moja la dawa za kilimo ambalo sitalitaja. Sikutaka ushauri, nilitaka kitu kikali. Muuzaji alichota dawa kutoka katika mtungi mkubwa, akanimiminia katika chupa ya soda ya nusu lita, akaniambia nitie vifuniko viwili katika ndoo moja ya maji. Sikuuliza jina lake. Sikuuliza ni siku ngapi zipite kabla ya kuchuma mboga. Niliinyunyiza saa nne asubuhi, upepo ukitoka baharini na kunirudishia nusu yake usoni, mikono mitupu, kwa chupa ile ninayorushia maji nguo za kupiga pasi. Ilipofika alasiri hapakuwa na kiwavi aliyetikisika. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Dawa iliyobaki niliiweka kwenye dirisha la jiko.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nikitawadha kwa ajili ya adhuhuri. Kitinda mimba wangu, mwenye umri wa miaka 4, alikuwa ameshavishwa kanzu yake ya kwendea msikitini na babake. Nilipotoka nilimkuta karibu na karo, chupa mkononi, kifuniko chini, kidevu chake kimelowa na kifua cha kanzu kimelowa. Alinitazama akasema, "Mama, soda hii chungu."

Wazazi wenzangu, sitaeleza nilivyopiga ukelele. Jirani mmoja alikuja na kikombe cha maziwa. Mwingine alitaka kumtia mtoto kidole kooni atapike. Mume wangu alimbeba tukaingia katika tuktuk kabla lolote halijafanywa, na baadaye daktari alituambia kuwa hilo ndilo jambo jema tulilolifanya siku ile, kwa sababu sumu inayotapishwa yaweza kuingia mapafuni na kuwa na madhara kuliko ilipokuwa tumboni.

Pale hospitali walimvua kanzu mara moja wakamwosha ngozi kwa maji mengi na sabuni. Kisha daktari akaniuliza, "Ni dawa gani aliyokunywa?" Nikamnyooshea chupa. Akaigeuzageuza, akainusa kwa mbali, akasema kwa upole, "Mama, hii ni chupa ya soda. Nahitaji jina la dawa."

Sikuwa na jina. Laiti ingekuwa chupa ya kiwandani, karatasi iliyobandikwa juu yake ingemwambia daktari sumu ni ya aina gani na tiba yake ni ipi. Kwa kuwa sikuwa na jibu, iliwabidi wamwangalie mtoto usiku kucha na kungoja dalili: mboni za macho zisiwe ndogo kama tundu la sindano, mate yasimtoke ovyo, jasho lisimfoke, pumzi isimbane. Nilikaa kando ya kitanda kile nikimtazama macho kila alipoyafumbua. Alhamdulillahi, alikuwa ameionja tu na kuitema. Jumamosi mchana tulirudi nyumbani naye akiulizia pilau.

Mavyaa aliponiuliza kilichomlaza mtoto hospitali, nilimwambia ni tumbo.

Haikupita wiki tatu, viwavi wakarudi, na safari hii wale wadogo wa sukuma wiki walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Nilikuja kujifunza sababu yake baadaye. Mzazi wa viwavi hao ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu, anayejulikana duniani kote kwa kuzizoea dawa; sumu nyingi zilizowahi kumwua sasa hazimtishi. Katika joto la pwani kizazi chake kimoja hukamilika kwa wiki mbili au tatu tu. Dawa yangu iliwaua wanyonge ikawaacha wenye nguvu wazaane. Tena iliwaua nyigu na buibui, ambao chakula chao ni viwavi hao hao. Nilikuwa nimewafukuza askari nikawaachia wezi nyumba.

Jioni moja mavyaa aliniomba nimshike mkono nimpeleke kwenye mdimu wake. Sikuwa na udhuru. Alisimama mbele ya mche, akapitisha vidole vyake juu ya matawi taratibu, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto. Kidole chake kilipomgusa kiwavi mmoja mkubwa, kiwavi yule alitoa nyuma ya kichwa chake pembe mbili laini za rangi ya machungwa, na harufu kali ya ndimu iliyooza ikatapakaa. Mimi nilirudi nyuma. Yeye alitabasamu.

"Hawa ni wa vipepeo wa ndimu," alisema. "Wa nyeusi na manjano. Nawajua kwa harufu yao tangu sijaolewa. Mti hauna majani, mwanangu. Mbona waniambia haujambo?"

Nikamweleza yote, pale pale, tumesimama. Nilimweleza juu ya dawa, chupa, kanzu iliyolowa, na tumbo ambalo halikuwa tumbo. Alinyamaza kwa muda mrefu, tasbihi ikipita mkononi mwake. Nilingoja anikemee, nilitamani anikemee.

"Mti huu niliupanda ili wajukuu zangu wale," alisema mwishowe. "Haufai kuwa sababu ya kumpoteza mmoja wao. Ukiwa ni wa kufa, na ufe. Lakini usinifiche tena, kwani nisichokiona mimi nakiona kwa kinywa chako." Kisha akaongeza, "Kesho baada ya Alfajiri uniamshe ikiwa nimelala. Nitakufundisha kwa mikono."

Hakuwa amelala.

Aliyonifundisha ni haya, nami nawaandikia kama nilivyoyapokea, nikichanganya na niliyoyauliza kwa wataalamu baadaye.

Kwanza, wakati. Viwavi hutafutwa asubuhi mapema au jioni, si jua kali, na hutafutwa kila siku, si siku ile mti ulipobaki vijiti. Kipepeo wa ndimu hutaga yai moja moja, duara, la manjano hafifu, dogo kuliko punje ya mtama, juu ya majani machanga. Mavyaa hulihisi kwa ncha ya kidole. Likiondolewa yai, kazi imekwisha. Yule anayefanana na kinyesi cha ndege naye huondolewa kirahisi. Mkubwa wa kijani ndiye anayemaliza tawi kwa siku moja mbili.

Pili, mikono. Kwa bustani ya uani hakuna dawa inayoishinda mikono na ndoo. Sisi huwatia viwavi katika kopo lenye maji ya sabuni, au tunawatupia kuku. Wale wenye manyoya, ambao twawaita viwavi washawasha, hawashikwi kwa mkono mtupu; tumieni kijiti au glavu. Jirani yetu alipendekeza tuwaunguze kwa kijinga cha moto. Mavyaa alikataa katakata, akasema moto si adhabu ya kiumbe kumwadhibu kiumbe mwenziwe.

Tatu, kinga. Miche ya sukuma wiki huifunika kwa pazia jepesi la zamani lililotandazwa juu ya fito, na kingo zake kuzikandamiza kwa mawe, ili nondo asipate mahali pa kutaga. Majani ya chini yaliyozeeka huyaondoa, kwani ndiko wanakojificha. Kila ninapomwagilia, hugeuza majani na kuyapiga maji kwa chini.

Nne, mwarobaini. Mti huu uliotoka Bara Hindi umejaa katika mitaa yetu, na jina lake tulilipa kwa kuamini kuwa hutibu maradhi 40. Twaokota mbegu zilizoanguka, twaondoa nyama yake, twazianika kivulini, kisha twazitwanga kinuni. Gramu 50 za unga huo hulowekwa usiku mmoja katika lita 1 ya maji, huchujwa kwa kitambaa, na hutiwa sabuni kidogo ili maji yashike jani. Hunyunyizwa jioni, kwa sababu jua huivunja nguvu yake, na hurudiwa baada ya siku 7 hivi. Msitaraji kuona viwavi wakianguka papo hapo. Mwarobaini huwaondolea hamu ya kula na kuwazuia kujivua gamba, nao hudhoofika kidogo kidogo. Mboga na zioshwe vizuri kabla ya kupikwa. Wala tusidhani kuwa kila cha asili hakidhuru: mafuta ya mwarobaini yakinywewa na mtoto mdogo yaweza kumdhuru vibaya, kwa hiyo nayo hukaa juu ya kabati, yameandikwa jina.

Tano, kwa anayelazimika kununua dawa. Ipo inayotokana na bakteria, nayo hudhuru viwavi lakini haina sumu kwa mtu wala kwa nyuki inapotumiwa kama ilivyoandikwa. Bakteria hiyo iligunduliwa Japani mwaka 1901 na Shigetane Ishiwata, ndani ya viwavi wa hariri waliokuwa wakifa. Mwaka 1915 Ernst Berliner, Mjerumani, aliipa jina la Bacillus thuringiensis kwa sababu ya jimbo la Thuringia. Kiwavi hana budi kuila pamoja na jani; matumbo yake huharibika, huacha kula, na hufa baada ya siku chache. Hufaa zaidi viwavi wakiwa wadogo, na hunyunyizwa jioni. Ombeni iliyo katika chupa yake ya kiwandani, yenye karatasi yake, na muisome karatasi hiyo mbele ya muuzaji.

Tena tusiwasahau wale askari niliowaua. Mwaka 2002 watafiti wa ICIPE, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, waliachia katika mashamba ya Taita nyigu wadogo waitwao Diadegma semiclausum, walioletwa kutoka Taiwan. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya kiwavi wa kabichi na sukuma wiki, na mtoto wake humla kiwavi kutoka ndani. Nilipoyasikia hayo nilipata haya. Wenzetu walisafirisha nyigu kutoka nchi za mbali, nami niliwaua waliokuja uani kwangu bila nauli.

Mwezi uliofuata tulikwenda Gede kumzuru wifi yangu. Anakaa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, na kwa miaka mingi amekuwa akishughulika na mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wenyeji wa huko hufuga viwavi katika vizimba vya wavu, huwalisha majani ya miti wanayoipenda, na wakishajifunga kuwa pupa huzipeleka kwa mradi ziuzwe ng'ambo, Ulaya na Marekani, kwa watu wenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Kwa njia hiyo msitu uliosimama huwapa wenyeji riziki bila kuukata.

Wifi aliponisikia nikisimulia vita vyangu alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya leso. "Ajabu ya Mungu, wifi! Wewe wawaua na mimi nawalea. Watoto wangu wamelipiwa karo na viwavi." Alinionyesha kizimbani kiwavi mmoja akijifunga kwenye kijiti, na kipepeo mwingine aliyekuwa ametoka punde, mbawa zake zingali zimekunjamana na zalowa. Mtoto wangu alisimama mbele ya wavu ule asitake kuondoka. Aliniuliza, "Mama, huyu ndiye aliyekuwa akila mti wa nyanya?" Nikamwambia ndiye, au ni nduguye. Alifikiri kidogo akasema, "Basi tusiwaue wote."

Tuliporudi nilimwuliza mavyaa shauri. Alinikumbusha tuliyofunzwa chuoni tungali wadogo, kuwa anachokila ndege, mtu au mnyama katika mmea wa Muislamu huandikiwa aliyeupanda kuwa ni sadaka. Nikamwuliza, "Na viwavi nao wamo, Mama?" Akacheka. "Wamo. Lakini sadaka hutolewa kwa kiasi. Wape tawi moja."

Basi tumewapa tawi moja, lile linalopita juu ya ukuta, ambalo hata hivyo lilikuwa la kukatwa. Matawi mengine ni yetu. Mti mkubwa wa ndimu huvumilia kuliwa majani. Mche ndio usiovumilia, na ukishakua hata tawi hilo halitahesabiwa.

Sasa kila asubuhi baada ya swala hutoka watu wawili kwenda kwenye mdimu. Mmoja ana umri wa miaka 4 na macho makali, mwingine ana zaidi ya 70 na vidole vinavyojua. Mtoto hutafuta, nyanya yake hupapasa kuhakikisha, na kopo la maji ya sabuni nalibeba mimi. Kiwavi akitoa pembe zake, mtoto huziba pua na kucheka, naye nyanya humwambia, "Huyo amekasirika." Majani yamerudi. Wiki iliyopita mavyaa alisimama ghafla, akanusa, akasema si harufu ya viwavi safari hii. Nikatazama vizuri. Lilikuwa ua moja, jeupe, katikati ya mti. Mche wa mbegu huchelewa kuzaa, na ua moja laweza kupukutika bila kuacha tunda. Nilimwambia hivyo, kwa kuwa nimeahidi kutomficha. Akajibu, "Nimeshalinusa. Inatosha."

Dada zangu, nawaomba jambo moja baada ya kuisoma karatasi hii. Inukeni mtazame jikoni, chini ya karo, juu ya dirisha, bafuni. Kama kuna chupa ya soda au ya maji yenye kitu kisichokuwa soda wala maji, iwe dawa ya wadudu, mafuta ya taa au dawa ya kufulia, iondoeni leo mahali ambapo mkono wa mtoto unafika. Msiimwage kwenye mtaro wala karibu na kisima. Ulizeni afisa wa kilimo namna ya kuitupa. Na siku nyingine muuzaji akitaka kuwamiminia dawa katika chupa kama ile, mwambieni hamuitaki.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu na atusamehe tulichokifanya kwa kutojua na tulichokificha kwa aibu. Amin.